Ghuba Tuliyowaachia Wenyewe

Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, nikaolewa Nchelenge katikati ya miaka ya hamsini. Mama mkwe wangu alikuwa na Kiswahili cha kuuzia samaki tu, nami Kibemba changu kilikuwa bado kichanga. Tuliongea hivyohivyo, kila mmoja akimwazima mwenzake maneno, na mara nyingi tulinyamaza tu, tukifanya kazi.

Siku zile samaki walikuwa wamepungua. Nyavu za nailoni zilikuwa zimefika, malori yalijipanga Kashikishi kuchukua samaki wa kupeleka migodini, na mpumbu, samaki aliyewalea wazee, alikuwa amebaki wa kusimuliwa. Jumapili moja watu walibaki kanisani baada ya ibada wakakubaliana kwamba ghuba ndogo upande wa kwenda Kafutuma, pamoja na mushitu wake, kile kichaka kizito kinachoota penye maji, iachwe mwaka mzima. Asivue mtu, asikate mti, asitege ndege. Kila nyumba itatoa unga wa muhogo na samaki wakavu wa kumlisha mlinzi. Wakamchagua mume wangu, kwa kuwa alikuwa mkaidi na hakunywa pombe.

Mama mkwe hakusema kitu mkutanoni. Tulipofika nyumbani ndipo aliponiambia, "Pale iko kijiji yetu ya zamani. Mi nilizaliwa pale."

Nikamwuliza kwa nini walihama.

"Malale," akasema.

Alikuwa msichana mdogo ugonjwa ule ulipoingia. Watu walisinzia huku wanakula, walisinzia katikati ya maneno, wakakonda, wakafa. Kisha serikali ya wazungu ikaamuru kila mtu aondoke kando ya ziwa, na nyumba zikachomwa. Baba yake, mtu mrefu aliyechechemea mguu mmoja, alikuwa tayari amezikwa, amekonda kama ufito. Miaka mingi baadaye watu waliporuhusiwa kurudi, walijenga mbali kidogo na pale. Waliivua ghuba hiyo, lakini hakuna aliyelala huko.

Mume wangu akasimika nguzo za mpaka majini na kujenga kibanda. Mimi nilimpelekea chakula mchana. Miezi ya kwanza palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia nguo zangu zikisuguana nikitembea. Maji hayakuwa na samaki wa kurusha hata mkia. Nilikuwa nikiweka chungu chini, nasalimia, na kugeuka kurudi.

Mvua zikaja, ziwa likapanda, matete yakafunga. Siku moja nikakuta maji ya ghuba yanatetemeka, na upepo haukuwapo. Mume wangu akaniambia ni samaki, wameingia kutaga, wamejaa hadi wanagusana. Alicheka kwa furaha. Mimi niliyaangalia maji yale yakihema kama ngozi ya ng'ombe, nikasogea nyuma.

Baada ya samaki wakaja ndege. Korongo walisimama kwenye nyasi za nchi kavu, wametawanyika, kila mmoja peke yake, wala hawakuhama mahali pao siku baada ya siku. Nilipomsimulia mama mkwe, akajifunga kitenge akanifuata. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika huko tangu utoto. Akaanza kunyoosha kidole kwa korongo mmoja mmoja.

"Ule iko mu nyumba ya mama mukubwa wangu. Ule, kwa mufua chuma. Ule wa kule, kwetu."

Nikatembea hadi aliposimama yule wa mwisho. Akaruka. Chini ya nyasi nikakuta mafiga matatu, yamezama nusu, bado yametazamana.

Tukiwa tunarudi tukasikia kutwanga. Sauti ya mchi ndani ya kinu ilitoka kwenye mushitu, taratibu, kama wanawake wawili wanaopokezana. Jua lilikuwa utosini. Nikamshika mama mkwe mkono.

"Ni banani bale?" nikamwuliza wale ni nani.

"Banatwanga," akasema. "Usiogope, mutoto wangu." Akapiga magoti njiani, akapiga makofi polepole kama Wabemba wanavyomsalimia mkubwa, akainuka tukaenda.

Mume wangu alisema ni yule ndege mkubwa wa kijivu, mwenye mdomo mpana kama kiatu, anayegonganisha mdomo. Kweli ndege huyo alikuwapo, na baadaye nilimwona kwa macho yangu, na kifaranga wake. Lakini mdomo wake ulilia haraka haraka, kama mbao zinazoanguka.

Kisha jirani yetu mmoja akaingia ghubani kwa siri na wavu. Mume wangu alimkuta asubuhi ndani ya mtumbwi, amekaa wima, kasia mapajani, amelala. Alimwita, akamtikisa, hakuamka. Aliamka jioni akiwa kwake, akaomba maji.

"Bamama ba kule balinikaribisha bukari," akasema, yaani ugali. "Balisema, kula kwanza."

Hofu ikaingia kijijini. Watu walisema malale yamerudi, mushitu ukatwe, ghuba ifunguliwe. Dresa wa zahanati akaja, akampima damu, akasema si malale, mtu ni mzima. Lakini watu hawakutulia.

Mkutano ukaitishwa, na safari hii mama mkwe akasimama. "Bale ni batu betu," alisema. "Tulibaacha bila kuaga. Muende kwanza mubasalimie, kisha mukate kama munataka."

Jumamosi tulikwenda wote, na majembe. Tulipalilia makaburi tuliyoyaona na yale ambayo mama mkwe alituonyesha. Mzee wa kanisa akaomba. Wale ambao mama zao walizikwa pale walilia, na jirani yetu alilia kuliko wote. Hakuna aliyetaja tena kukata miti.

Mwaka ulipoisha, samaki walikuwa wamefurika nje ya nguzo. Mitumbwi ilirudi mizito bila kwenda mbali, na vichanja vya kukaushia vikajaa. Watu wakakubaliana kuendelea kuiacha ghuba.

Habari zikawafikia watu wa Puta, nao wakatuma wajumbe kuuliza tulifanyaje. Walifika mchana, tukawapikia. Katikati ya kula mmoja wao akamshukuru mume wangu kwa mzee aliyemweka ghubani, aliyewaonyesha njia.

Mume wangu akasema hakuna mzee aliyewekwa pale.

"Murefu," mgeni akasema. "Anachechemea kidogo mguu wa kushoto."

Mama mkwe akashusha tonge lake.

"Alikuwa amekonda?" akauliza.

"Hapana, mama. Alikuwa amenenepa vizuri. Alikuwa anacheka."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, akachovya tonge kwenye mchuzi, akaendelea kula.