Mama Aliyetaka Tupige Hodi Ndani ya Gemu

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumamosi iliyopita, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Korogwe. Mama aliyekuwa na kibanda cha gemu karibu na stendi alikuwa amefariki usiku ule, usingizini, akiwa mzee na wanawe wakiwa karibu. Nilikata simu, kisha nikaanza kucheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Kumkumbuka mama yule kwa uso wa huzuni tu ni kazi ngumu.

Wasomaji wa umri wangu wanavikumbuka vibanda vile: televisheni ya chogo, mashine moja, mabenchi, malipo kwa nusu saa. Siku za kawaida watu walicheza mpira. Jumamosi ilikuwa ya gemu la safari: kijana anaondoka kwao, anazunguka nchi nzima akipigana na madude madogo porini, mpaka apate nguvu za kulikabili joka. Safari ilihifadhiwa kwenye kadi moja, hivyo kila aliyeshika pedi ya kuchezea aliendelea pale mwenzake alipoishia. Dereva wa bodaboda alimwachia mkulima wa Makuyuni, naye akamwachia mfugaji aliyetoka Handeni kuuza ng'ombe. Mimi nilikuwa msomaji, maana maandishi yalikuwa ya Kiingereza nami nilikuwa na kamusi.

Gemu za namna ile zinakuruhusu kuingia nyumba ya yeyote, kufungua masanduku yake na kuondoka na dawa, fedha, hata silaha. Mama hakukubali.

"Umepiga hodi?" Mama alimuuliza dereva.

"Mama, hii ni gemu!"

"Na wewe ni mgeni humo. Msalimie mwenye nyumba. Akikupa, chukua. Asipokupa, toka. Mwizi hachezi kwangu."

"Kijana wenu huyu angekuja bomani kwetu," alisema mfugaji, "angerudi hana meno."

Panga bora kuliko yote lilikuwa sandukuni kwa mzee mmoja wa ndani ya gemu. Tulimsalimia kila tulipopita.

"Leo anasemaje?" Mama aliniuliza.

"Goti bado linamuuma."

"Mpe pole."

"Hakuna kitufe cha pole, Mama."

"Waliotengeneza hawakulelewa."

Gemu za sasa sizidharau, maana nazicheza na mpwa wangu. Nyasi zinayumba kwa upepo, watu wanazungumza kwa sauti zao, na umeme ukikatika hupotezi safari yote. Lakini kwenye simu yake panga linauzwa kwa shilingi. Unabonyeza, unalipa, na joka linaanguka kabla hujalichukia. Mpwa wangu akishinda hamwiti mtu aje kuona.

Turudi kibandani: siku moja wanawe Mama walipangisha chumba kile kwa wakala wa fedha, na mashine ilitakiwa kuondoka Jumatatu. Joka lilikuwa limekwisha kutushinda mara nyingi. Mama, aliyeifuata safari ile tangu kijiji cha kwanza, alitamani sana kuuona mwisho wake.

"Tuchukue panga la mzee," dereva alimsihi Jumamosi ile ya mwisho. "Leo tu, Mama. Nafasi nyingine hatuna."

Mama alilitazama lile sanduku kwenye kioo kwa muda mrefu. "Nautaka huo mwisho kuliko ninyi nyote," alisema. "Lakini si kwa kumwibia mgonjwa. Rudini porini mkatafute nguvu. Leo hakuna kulipa."

Tulipokezana pedi mchana kutwa, tukipiga madude yale yale, pori lile lile. "Hii ni palizi," alisema mkulima, "nipeni mimi." Jioni tukarudi kwa joka. Kijana wetu alikuwa amebakiwa na pumzi ya pigo moja joka lilipoanguka. Mfugaji alipanda juu ya benchi. Mama alipiga kigelegele mpaka wapiga debe wa stendi wakaja kuuliza nani anaoa.

Tangu siku ile, nikiona kazi inayoweza kufupishwa kwa kuingia pasiponihusu, naona nilivyobahatika kufundishwa njia ndefu nikiwa kijana, tena kwa kicheko. Jioni ile, wakati wa kufunga, nilimuuliza Mama amepata hasara kiasi gani kwa kutotoza siku nzima. Alihesabu nusu saa zote kwa vidole, bado akicheka, akanijibu: shilingi elfu nane na mia tano.