Mwanamke Aliyeupiga Udongo

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa sanaa mjini Nyeri. Kila Jumamosi mchana nilifungua chumba kimoja nyuma ya kanisa kwa watu walioletwa na rafiki yangu muuguzi. Wengine walikuwa hawalali, wengine hawakuwa wakisema na mtu. Mimi ni mtu wa Kakamega, na Kikuyu changu kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo niliwapa rangi, karatasi na udongo wa kufinyanga, nikakaa nao.

Mama mmoja wa Kiriaini aliletwa baada ya kumvunja mke wa mwanawe mkono kwa mwiko wa ugali. Mume wa mama huyu alichukuliwa shambani wakati wa Hali ya Hatari, enzi za wakoloni, na hakurudi. Siku ya kwanza alidungadunga karatasi kwa mpini wa brashi mpaka ikachanika. Nikampa udongo. Aliupiga ngumi, akaubamiza mezani, akaukaba kama shingo. Wenzake walisogeza viti. Sikumzuia. Afadhali udongo kuliko yule mke wa mwanawe.

Baadaye alianza kufinyanga mwanamume aliyelala kifudifudi, mikono imefungwa nyuma, mkono wa kushoto hauna kidole gumba. Jumamosi moja alimkata shingo kwa waya. Nyingine alimponda kichwa. Nikamuuliza kwa nini.

“Mwalimu, sijui walimuua namna gani,” alisema. “Najaribu zote.”

Kulikuwa na mzee mgeni mle chumbani, mpole, aliyechora ng'ombe tu. Siku hiyo aliinuka, akautazama ule mkono usio na gumba.

“Huyu ni bwana yako?”

“Ni yeye.”

“Basi si hivyo, mama. Ilikuwa risasi. Hapa.” Akagusa udongo nyuma ya sikio.

“Umejuaje?”

“Nilikuwa homgadi, mlinzi wa upande wa Serikali. Mzungu ndiye alipiga. Kamba nilifunga mimi.”

Mama alichukua nyundo ya mbao ya kulainishia udongo, akampiga mdomoni. Meno yalianguka juu ya ng'ombe wake. Akampiga tena utosini, na mzee hakuinua hata mkono kujikinga. Nilipomshika mama kiunoni aligeuka na nyundo, nikasikia mfupa wa kiganja changu ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Wanaume wawili walimlaza chini, akiwa anapiga mateke na kuwauma.

Polisi walipofika hospitalini, mzee aliwaambia alianguka kwenye ngazi. Walipoondoka aliniomba karatasi. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa bendeji hadi kwenye nyusi. Alichora mto, mti mkubwa wa mugumo, na mwamba kando yake, na chini ya mwamba akatia alama.

Nilimpelekea mama ile picha. Aliweka kidole juu ya ile alama.

“Yeye ndiye achimbe,” akasema.

Alipotoka hospitalini, mzee alichimba. Wana wa mama walisimama ukingoni mwa shimo na mapanga, na kila alipopumzika mmoja alimpiga ubapa mgongoni. Niliwaomba waache, nikaambiwa nikae mbali. Mifupa ilipoonekana, mama alishuka shimoni, akapangusa fuvu kwa leso yake na kuligeuza. Nyuma ya sikio palikuwa na tundu. Alitia kidole ndani.

“Ni hapa,” akasema.

Kisha akamgeukia mzee, akamzaba kofi hata akakaa chini matopeni. Kijana wake wa kwanza aliinua panga. Mama aliudaka mkono wake.

“Mwache aende. Nimechoka.”

Mzee alikwenda kuishi kwa binti yake kule Wang'uru. Hatukuonana tena.

Mama alimzika mumewe karibu na nyumba, kisha akarudi chumbani kwangu kwa miezi kadhaa. Alifinyanga vyungu, na vingine alivivunja kabla havijakauka. Siku moja nilimuuliza kama amemsamehe yule mzee.

“Hapana,” alisema, akiendelea kukanda. “Lakini sasa nikifunga macho, bwana yangu anakufa mara moja tu.”