Shibiri Moja Chini ya Taa

Nakumbuka mlio kabla ya kukumbuka kitu kingine: tik, tik, tik, kama ulimi wa mtu anayesikitika. Nilikuwa bado nimefumba macho kitandani, asubuhi moja ya baridi ya mwezi wa sita, hapo mtaani Kamalondo, na katika chumba cha nyuma taa ndefu ya neoni ilikuwa inajaribu kuwaka. Iliposhika, nilijua kwamba Amina ameamka kabla yangu. Tena.

Mwanangu, ninyi leo mna taa ndogo za rangi ya zambarau, na simu inawaambia mche unataka mwanga kiasi gani. Sisi tulikuwa na neoni mbili tu, alizoziacha marehemu mume wa Tantine Mwamini, fundi wa kushona. Tantine ni shangazi aliyetulea mimi na binamu yangu Amina. Alizishusha taa zile kwa minyororo juu ya meza mbili, moja yangu na moja ya Amina, akatufundisha kuotesha nyanya ndani ya nyumba wakati baridi ya nje inaunguza majani. Kipimo chake kilikuwa mkono. Kati ya taa na jani, shibiri moja, basi. Mche ukipanda, taa nayo inapanda.

Chumba kile kingekuwa cha mmoja wetu. Tantine alitaka kurudi Kasongo kwa dada zake, na alikuwa amekwisha kusema: yule ambaye miche yake itachaguliwa na Mama Ngoie, mwenye bustani upande wa Karavia, ndiye atakayeachiwa meza, taa na wateja.

Miche ya Amina ilikuwa mifupi, minene, ya kijani kinachokaribia weusi. Yangu nayo ilikuwa mizuri, sasa ndiyo najua. Lakini wivu hauna jicho la kutazama cha kwake. Nilihesabu majani ya Amina. Nilichukia hata alivyopuliza vidole vyake kabla ya kupima, ili asiuguse mche kwa mkono wa baridi. Majirani walisema, "Huyu Amina iko na mukono ya baraka," nami nikaitazama mikono yangu kama imeniibia.

Kisha Tantine akaenda matanga Likasi, majuma mawili.

"Amina, wewe ndiye mukubwa," alisema akifunga kitambaa kichwani. "Meza zote mbili, utapima wewe."

Hata meza yangu! Usiniulize nililala vipi.

Kila siku Amina alipima asubuhi, akaenda sokoni kuuza mboga. Alipopinda kona tu, nilipanda kiti, nikaivuta taa yake juu, karibu na dari. Jioni, kabla hajarudi, niliishusha mahali pake. Nilitaka miche yake idumae kwa kukosa mwanga. Wazee walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini nani anasikia wazee akiwa juu ya kiti?

Siku ya tano aliniita kwa furaha. "Zuena, kuja uone! Tomate yangu inakimbia! Yako iko inalala bado, ao?"

Nikaenda. Kweli, ilikuwa imerefuka maradufu. Moyo uliniungua, mwanangu. Nilidhani nimempa dawa kwa mkono wangu mwenyewe. Sikujua kwamba mche ulio mbali na mwanga hujinyoosha kuutafuta, unakonda shina kama mtu anayekimbia bila kula. Basi kesho yake niliiinua taa yangu pia, juu kuliko yake, nikiishusha jioni vilevile. Ningeshindwaje kwa dawa niliyoivumbua mimi?

Tantine alirudi siku ileile aliyokuja Mama Ngoie kuchagua miche. Mama yule aliinama mezani, akachukua mche mmoja, nao ukajilaza kiganjani mwake.

"Yo! Mama Mwamini, bintu gani hii? Mimi nilikuya kutafuta tomate, munanionyesha nyuzi? Urefu iko, kiuno hapana!" Akaangalia meza ya pili, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Tantine hakupaza sauti. "Nani alipima?"

"Ni mimi, Tantine," Amina akasema.

"Shibiri?"

"Kila asubuhi. Labda mukono yangu ilikosa." Akaugeuza mkono wake, akautazama kama wa mtu mwingine.

"Basi kesho hiyo mukono irudie kwa baba yako. Zuena atabaki na chumba."

Hapa nisimame kidogo, kwa maana hapa ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema kweli. Amina alikunja nguo zake polepole, nguo chache, nami niliketi karibu naye nikimsaidia kufunga fundo. Fikiria hilo: nikimsaidia. Miaka baadaye, nilipompelekea Tantine ukweli huko Kasongo, aliniambia hivi: "Kuinua taa ilikuwa utoto. Kumfungia mwenzako fundo na mdomo umefungwa, huo ndio uovu."

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayetazama meza ya mwenzako hata maji ya miche yako yanakauka. Wivu utakuja, usijidanganye kwamba wewe ni malaika. Ukija, rudi kwenye meza yako, uweke mkono chini ya taa yako, upime. Na kama mkono wako umekwisha kukosa, sema ungali unamwona mwenzako usoni. Maneno yenyewe ni machache: ni mimi, yaya, dada yangu, si wewe. Mungu akupe kinywa chepesi kuliko changu. Akuzidishie miche, na amzidishie mwenzako pia, na macho yako yasiumie kwa kuiona.

Mimi sikusema. Amina alinikumbatia, akaniambia nisisahau kupuliza vidole, akajitwika fundo lake. Nilimtazama mgongo mpaka kizingitini. Akatoka, akavuta mlango nyuma yake, haraka, ili baridi isiingie kwa miche yangu.