Haragwe Lililolishwa Uji

Saa kumi na moja alfajiri, kifuniko cha sufuria kinagonga ukingo wake, tik, tik, maji ya chai yakianza kuchemka. Everlyne Kavoi anakizuia kwa kidole ili mumewe, Mutiso, asiamke. Tochi iko juu ya viatu vya Everlyne. Mutiso aliiweka hapo kabla ya kulala, kama afanyavyo kila siku.

Mezani kuna mkebe mdogo uliofunikwa kipande cha kioo. Ndani yake mna pamba, haragwe moja, na manyoya ya ukungu. Everlyne anaufunga kwa leso polepole na kuukumbatia kifuani.

Anaishi Kawangware, karibu na Riruta Satellite. Kwa miaka tisa ametembea saa nzima hadi Gatwekera, Kibera, kufundisha sayansi katika shule ndogo ya mabati. Gredi ya Nne ina watoto arobaini na watatu na vitabu kumi na kimoja. Mshahara wake ni shilingi elfu tisa, mwezi ambao wazazi wamelipa karo.

Leo anapitia Mashimoni, mtaa mwingine wa Kibera, kwanza. Kuna mtoto ambaye huenda akampoteza.

Wiki mbili zilizopita, kila mwanafunzi alipanda haragwe kwenye mkebe. Ya wengine yalichipuka. La Ciru, msichana wa miaka tisa, liliota ukungu. Wenzake walimcheka kwamba haragwe lake limevimbiwa, na hapo ndipo ukweli ulipotoka: kila siku saa nne asubuhi, Ciru alikuwa akilimiminia nusu ya kikombe chake cha uji.

"Nilikuwa nimewaambia kila chenye uhai kinahitaji chakula," Everlyne anasema. "Wote waliandika. Ciru peke yake ndiye aliyeniamini."

Tangu siku hiyo, Nabalayo, mpishi wa shule, humjazia Ciru kikombe hadi ukingoni na kusimama karibu naye mpaka kiishe.

Lakini nyanya yake Ciru, Wangoi, anayemlea na kuuza maji Mashimoni, aliposikia alituma ujumbe: Jumatatu Ciru anahamia shule nyingine. Leo ni Ijumaa.

Kumepambazuka Everlyne anapofika. Mitungi imepangwa foleni mbele ya kibanda. Wangoi ameshika bomba, Ciru yuko kando yake na sweta ya shule. Salamu zinajibiwa kwa ufupi.

"Mimi sikupeleka mtoto shule akalishe maharagwe," Wangoi anasema bila kuinua macho. "Hiyo uji ndio chakula yake mpaka jioni."

"Najua, shosho. Kosa ni langu, si la Ciru. Nilifundisha nusu ya somo."

Anamweleza nusu iliyobaki. Haragwe huja na chakula chake ndani ya vile vipande viwili vya mbegu, na likishaota majani hujitengenezea chakula kwa mwanga. Uji ulimlisha mwingine kabisa: ukungu. Kisha anatoa mfukoni lenzi ya fundi saa. Alipewa na mzee Kinyanjui, fundi saa wa Kawangware, macho ya mzee yalipochoka na kazi. Mzee alikataa malipo, akasema yeye ameona saa za kutosha, sasa waone watoto.

Wangoi anasita. Anaibana lenzi jichoni na kuinama juu ya mkebe.

"Shosho, leo unauza maji ama unapimwa macho?" anauliza Gathogo, mteja wa mbele.

Chini ya lenzi kuna msitu. Nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zimesimama kwa mamia, na kila moja imebeba kichwa kidogo cheusi, cha mviringo, kinachong'aa. Wangoi hasogei. Mtungi unajaa, maji yanamwagika na kutiririka mtaroni, naye ni mwanamke asiyepoteza hata kikombe. Gathogo ananyoosha mkono na kufunga bomba kimya kimya.

"Na hii yote imetoka wapi?" Wangoi anauliza hatimaye, kwa sauti ya chini.

Everlyne anafungua kinywa, lakini Ciru anamtangulia. "Ilikuwa kwa hewa, shosho. Mbegu zake ni ndogo hatuzioni. Hata saa hii ziko hapa, katikati yetu."

Wangoi anamtazama mjukuu wake kana kwamba ndiye anayeonekana kwa lenzi. Halafu anamfunga kifungo cha juu cha sweta.

"Jumatatu atakuja kwako, Mwalimu. Lakini uji anywe yeye."

Everlyne anapangusa macho kwa pembe ya leso. Anaifunga tena juu ya mkebe, maana darasa linausubiri.

Wangoi bado ana swali. Anataka kujua kama lenzi hiyo inaweza kuonyesha kilichomo kwenye maji anayouza. Everlyne anasema hapana. Kwa hayo inahitajika hadubini, na hiyo ndiyo ndoto yake: hadubini moja, hata iliyotumika, ambayo watoto wa Gatwekera wataangalia kwa zamu.

"Ukiipata, uje nayo hapa kwanza," Wangoi anasema, akisogeza mtungi mwingine chini ya bomba.

Everlyne ameshapiga hatua chache anapoitwa tena.

"Mwalimu. Hata usipoipata, uje."