Mmea Uliomnyamazia Mwashi

Wifi yangu hutengeneza muziki kwa mimea. Watu wakisikia hivyo hudhani ni filimbi za mianzi, nami hulazimika kueleza upya. Anabana waya kwenye jani, waya unaingia kwenye kisanduku, kisanduku kwenye kompyuta, na umeme mdogo wa jani unageuka sauti. Alianza akiwa fundi redio, siku waya ulipoangukia kwenye chungu cha maua kilichotoka kumwagiliwa na spika ikanguruma. Mwenzake alikimbilia swichi. Yeye alivuta kiti akakaa kusikiliza.

Simpendi sana, sifichi. Lakini kazi yake anaijua. Ana mmea mmoja wa majani mapana ambao, pamoja na ulimi wangu wote huu, umewahi kuniweka kimya hadi chai ikanipolea.

Chumba anachofanyia kazi alijengewa na mumewe, yaani kaka yangu, ambaye ni mwashi. Alikijenga Jumapili zake, akaweka madirisha upande wa jua la asubuhi kwa ajili ya hayo majani. Kilipokwisha, akapigwa marufuku kugusa chochote.

"Mikono yako imejaa saruji, mume wangu. Utaniulia mimea."

Basi akawa anasikilizia mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyeleta barua. Kazini alipiga mluzi nyimbo za mimea huku akipiga plasta, na vibarua wakamtania kwamba ameoa bustani. Utani huo aliupenda. Kaka yangu hufurahi kwa kidogo, na ndiyo maana hupewa kidogo.

Hatimaye wifi akapata onyesho katika ukumbi mkubwa. Mwishoni, watu wangepanga foleni, kila mmoja ashike waya, aguse jani na kusikia sauti yake mwenyewe. Kaka aliingojea foleni hiyo kuliko alivyoingojea harusi yake.

"Siku hiyo hawezi kunikataza," aliniambia akipiga pasi shati. "Nitakuwa mgeni."

Tulipofika, wifi alimtambulisha kwa wakubwa waliomzunguka. "Huyu ndiye fundi aliyenijengea studio." Hakusema uongo. Kaka aliendelea kutabasamu, nadhani akingoja amalizie. Hakumalizia.

Foleni ikasogea. Bibi mmoja aligusa jani, spika zikalia kama kengele za mbali. Akafuata mwanamume mwenye tai, naye akapata mlio mnene uliomchekesha mwenyewe. Kaka akashika waya kwa mkono mmoja, akagusa jani kwa mwingine. Kimya. Akabonyeza zaidi. Kimya.

"Jamani, huyu mmea umemkataa," mshereheshaji alisema kwenye kipaza sauti, na ukumbi ukaangua kicheko. "Msanii, kwa nini?"

Kamera zilikuwa zimemwelekea wifi. Akatabasamu. "Mimea ina macho. Haimkubali kila mtu."

Wakampigia makofi. Kaka akafuta vidole kwenye suruali, akarudi kukaa nyuma. Nilitamani ardhi ipasuke, immeze yeyote ila yeye.

Siku zilizofuata hakupiga mluzi. Asubuhi moja tulikuwa mezani kwao, na wifi, sijui kwa huruma au kwa kuchoshwa na ule ukimya, akasema, "Mume wangu, usiuweke moyoni ule mmea. Haukuchukii. Saruji imekukausha ngozi, umeme haupiti. Ungelowesha vidole tu, mmea ungelia."

"Kumbe." Kaka aliitazama mikono yake, uso ukamkunjuka, nami nikadhani yamekwisha. "Maji tu?"

"Maji tu. Hata mimi mikono ikinikauka huwa nachovya kwenye bakuli."

"Na siku ile bakuli lilikuwepo?"

Wifi alikoroga chai aliyokwisha kuikoroga. "Lilikuwepo. Chini ya meza."

"Kwa hiyo ulijua."

"Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Ningesema nini?"

"Ungesema, 'Mume wangu, lowesha vidole.'"

Kaka aliinuka, akatia mwiko na timazi kwenye mfuko wake wa kazi, akaubeba begani. Aliongea bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mmea nilikuwa nimeshausamehe," alisema, akatoka.