Kabini Niliyosema ni Tupu

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Chama chetu cha kuweka akiba hapa Kitengela kilienda Mombasa, tukapelekwa kuona meli iliyozama. Nilivalishwa miwani ya mpira na kale kabomba ka kupumulia, nikashika kamba ya boti kwa mikono miwili, nikatia uso majini mara tatu. Niliona chuma kimeota magugu na dirisha jeusi, samaki wakiingia na kutoka. Haki ya Mungu, ile kamba sikuiachia. Lakini kurudi nyumbani? Weh! Nikawasimulia kwamba nilikuwa nimeingia mpaka chumba cha nahodha. Nikanunua miwani kama ile, nikaitundika sebuleni.

Halafu mvua ikanyesha wiki nzima, kwari, shimo la kuchimbia mawe lililoachwa nyuma ya ploti yetu, ikajaa. Asubuhi moja lori la mawe likateleza ukingoni, likazama. Dereva alikuwa mtoto wa jirani yangu, mwanamume mzima mwenye watoto wawili. Wengine walisema alionekana akiruka. Wengine wakasema hapana. Wazamiaji waliitwa, wakasema barabara imekatika, tungoje.

Mama yake akaja mlangoni kwangu. Hakulia.

"Baba, wewe ulishaingia ndani ya meli. Niangalilie mtoto wangu."

Ningesema nini, na wapangaji wa ploti nzima wako nyuma yake? Nikafungwa kamba kiunoni, nikaingia. Maji yalikuwa chai ya maziwa. Sikuona hata vidole vyangu. Mguu ukagusa bati la paa la lori. Niliogopa sana, nikavuta kamba, wakanitoa.

"Kabini ni tupu," nikasema. "Mlango uko wazi."

Wakapiga vigelegele. Mama akanikumbatia nikiwa nimelowa hivyo hivyo. Wazamiaji wakaambiwa wasijisumbue.

Tangu siku hiyo anazunguka na picha ya kijana hospitalini, Kajiado, Kiserian, mpaka Magadi, akiamini aligonga kichwa akasahau kwao. Kila Jumapili ananiletea githeri, mahindi na maharagwe aliyochemsha mwenyewe. "Wewe ndiwe macho yangu," anasema.

Sasa ni kiangazi, maji yanashuka. Kajiado nzima inaomba mvua kwa ajili ya ng'ombe. Mimi naomba mvua ya kufunika lori.

Leo asubuhi kabini imetokea. Milango yote miwili imefungwa, vioo vimepandishwa hadi juu. Mama alikuwa amefika kabla yangu. Hakuwa akiliangalia lori. Alikuwa akiniangalia mimi.