Bata wa Mama Mkwe na Punje za Chuma

Watu wengi wakipata pengo mbele ya mdomo huona haya. Huziba kinywa kwa kiganja wakicheka, na hufanya hima kutafuta tiba. Mama mkwe wa Fundi Meno hakuwa na habari hiyo. Jino lake la mbele, tena la bandia, lilivunjika mezani siku ya bata, na kwa mwaka mzima alilizungusha lile pengo mtaa mzima akilionyesha kwa kila aliyekuwa na macho. Akisimama kununua vitunguu, anatabasamu. Akiulizwa kulikoni, na alihakikisha anaulizwa, anajibu kwa sauti ya upole kabisa:

"Ni mkwe wangu huyo. Alinitengenezea meno kwa mikono yake mwenyewe, halafu akanipiga risasi."

Kisha anachukua vitunguu vyake na kuondoka, akimwacha muulizaji ameduwaa.

Sasa, huyo mkwe tusimpake matope bure. Alikuwa mtengenezaji wa meno ya bandia kwa miaka kumi na tisa, katika chumba chenye dirisha moja linalotazama barabara. Rafu zake zilijaa vinywa vya plasta, vimepangwa kwa safu na kuandikwa majina kwa penseli. Akimwona mtu anatafuna ng'ambo ya barabara, aliweza kusema ni upande gani wa taya unaomsumbua. Alikuwa hodari, na alijua kwamba ni hodari, jambo ambalo halijamsaidia mtu yeyote katika ndoa.

Udhaifu wake ulikuwa bata mwitu. Mara moja kwa mwaka, msimu ukifunguliwa, alichukua kibali chake na bunduki yake ya mitutu miwili akaenda kwenye mabwawa. Shabaha yake haikuwa mbaya. Kilichomponza ni kuchagua risasi. Risasi za bunduki ya namna ile si kipande kimoja cha kutoboa. Ni vikopo vidogo vilivyojazwa punje za duara, na kila kikopo kina namba. Namba ikipanda, punje inakuwa ndogo. Mwindaji wa kawaida akienda kwa bata hutaka punje zenye ukubwa wa kumwangusha ndege. Fundi Meno alikuwa mtu wa kazi laini. Maisha yake yote alisugua kwa unga laini na kuchonga kwa sindano nyembamba, na moyoni aliamini kwamba kitu kikiwa laini zaidi ndivyo kinavyokuwa bora zaidi. Mwaka ule alichukua namba nane, punje ndogo kama mbegu za nyanya, mamia kwa mamia katika kila kikopo.

Bata alirudi nyumbani amejaa punje mpaka mapajani. Mkewe alichokoa kwa kisu. Fundi mwenyewe alivaa miwani ya kazi, akachokoa kwa kibanio hadi shingo ikamuuma, akatangaza kwamba nyama ni safi. Ilibaki moja. Mezani walikuwa watu saba, na ile punje ikawapita wote sita ikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe.

Hasara ya pengo lile ilikuwa ya Fundi. Wateja waliingia, wakakaa kwenye kiti, wakafungua mdomo, na kabla hajaingiza kidole wakauliza, "Eti ni wewe uliyempiga mama mkwe wako risasi?" Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekwisha kupimwa taya zote mbili, alimwambia waziwazi kwamba ameghairi. Fundi aliyeshindwa kuziba pengo la mama mkwe wake, alisema, atayaweza ya watu baki?

Kwa hiyo kila Jumatano, siku anayofunga kazi mchana, Fundi alibeba mkoba wake wa nta na plasta akaenda kubisha kwa mama mkwe. Yule mama alikuwa mjane wa miaka mitatu, akiishi peke yake katika vyumba viwili vilivyofagiliwa kupita kiasi. Alimkaribisha, akampa chai, akamweleza habari za goti lake, za jirani anayeimba akioga, za bomba linalovuja na alivyolifunga kwa kitambaa. Fundi alinyanyuka na kulitazama bomba. Saa mbili zikapita. Akigusia jino, mama mkwe anatazama saa ya ukutani.

"Jino? Leo nimechoka, mwanangu. Labda siku nyingine."

Msimu wa bata ulipokaribia tena, Fundi alikata shauri. Siku hiyo hakunywa hata chai.

"Mama, niambie unataka nini. Nitafanya lolote."

Mama mkwe alifikiri, akiuchezesha ulimi kwenye pengo.

"Niletee bata. Nimle mpaka mifupa ibaki mitupu. Nikimaliza sahani bila kuuma punje, nitakuvulia meno uende nayo. Nikiuma punje hata moja, pengo hili nitazikwa nalo, na watakaokuja mazikoni watauliza."

Fundi aliwajua watu wa mtaa ule. Kweli wangeuliza.

Kesho yake alikuwa kwenye duka la bunduki. Mwenye duka alikuwa na meno sita ya Fundi mdomoni, kwa hiyo walisemezana kwa heshima. Aliweka maboksi mawili juu ya kaunta ya kioo.

"Hizi ni za madini ya risasi, namba nne. Hizi ni za chuma, namba mbili. Zote zinaangusha bata."

"Tofauti?"

"Za risasi ni nzito na laini. Za chuma ni nyepesi na ngumu. Ndiyo maana ukitaka chuma lazima uchukue punje kubwa zaidi, na usipige bata wa mbali. Ukimpiga mbali unamjeruhi bure, unamtia mateso."

Fundi aliomba aonyeshwe punje moja ya kila aina. Akatoa koleo lake dogo mkobani, akaibana ya risasi. Ikabonyea. Akaibana ya chuma. Koleo likalia, punje ikakaa vilevile.

"Hii ya chuma ikikutana na jino," akasema taratibu, "jino ndilo litakaloomba msamaha."

"Basi chukua za risasi."

"Za risasi ndizo zilizonifikisha hapa."

Alienda zake bila kununua. Akarudi kesho yake, akaenda zake tena. Siku ya tatu mwenye duka alimwona anavuka barabara akaweka maboksi na zile punje mbili juu ya kaunta kabla hajasalimiwa. Fundi alikuwa hajalala vizuri. Alishika tama juu ya kile kioo, akipiga mahesabu ya ugumu, uzito na taya ya mwanamke wa miaka sabini, mpaka kiwiko kikaisukuma ile punje ya chuma ikadondoka. Waliinama wote wawili kuitafuta. Hawakuiona sakafuni. Ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kifungo cha mkoba wa Fundi, kile cha sumaku.

Fundi aliitazama. Akaibandua, akaiachia, ikarudi kung'ang'ania. Akajaribu ile ya risasi. Hiyo ikaanguka chini kama haijaitwa.

"Nipe za chuma," akasema.

Mwenye duka, kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu, alimwambia kwanza alete bunduki, maana mitutu ya zamani haistahimili chuma. Aliichungulia, akaipima mdomo, akaridhika. Fundi akarudi nyumbani na boksi kifuani kama mtu aliyetoka kujaliwa mtoto.

Asubuhi ya kwanza ya msimu alikaa kwenye matete, maji yakimfika magotini. Bata wa kwanza walipita juu sana. Akaacha. Wa pili wakapita mbali. Akaacha. Wawindaji wa upande wa pili wa bwawa, waliokuwa wakifyatua kila kinachopaa, walimuuliza kwa sauti kama amekuja kuvua samaki. Fundi alijikaza kisabuni. Saa tatu kasoro kundi dogo lilikuja chini, likikunja mabawa litue, karibu kiasi cha kuona miguu yao. Alipiga mara mbili, wakaanguka wawili. Akafungasha akaenda zake.

Jikoni aliwatandaza mezani wakiwa wameshanyonyolewa, akatoa sumaku kubwa anayookotea sindano kwenye benchi la kazi. Akaipitisha juu ya nyama polepole, kutoka shingoni hadi mkiani, akarudi tena.

"Baba watoto," mkewe alisema kutoka mlangoni, "unamkagua bata au unampiga pasi?"

Sumaku ilipovuta, Fundi alichana kidogo kwa kisu na kutoa punje. Za bata wa kwanza zilikuwa tano, za wa pili nne. Kila tundu kwenye ngozi alilifuatilia mpaka mwisho wake. Punje zote tisa akaziweka kwenye kichupa cha kioo. Kisha akapitisha sumaku mara ya mwisho, na bata walikaa kimya.

Jumamosi mchana mama mkwe alikuja amevaa vizuri, kitambaa cha mkononi kimekunjwa mapajani. Walikuwa watatu tu mezani. Alikula bila haraka. Alitafuna kila tonge kama hakimu, akisikiliza. Fundi hakula kitu. Alikuwa akiitazama taya ile, kushoto, kulia, kushoto. Paja likaisha. Kidari kikaisha. Ilibaki nyama ya kuuma mara moja, na Fundi akaanza kupumua.

"Aa!" akasema mama mkwe. Akaweka mkono mdomoni, kitambaa kikiwa ndani ya kiganja, akainama. Kitu kikalia *ti* ukingoni mwa sahani.

Mkewe Fundi alifumba macho. Fundi alihisi uso unamshuka mpaka shingoni. Kwenye sahani kulikuwa na punje.

"Basi," mama mkwe akasema kwa huzuni kubwa. "Tulikubaliana."

Mikono ya Fundi, kwa kuwa ilishazoea, ilichomoa sumaku mfukoni na kuisogeza kwenye sahani. Punje haikutikisika. Akaisogeza mpaka ikagusa. Punje ikalala tu. Akakiendea kile kichupa, akakikaribia kwa sumaku, na punje tisa zikaruka zote kwa pamoja zikagonga kioo.

"Mama, nilipiga kwa chuma. Hii si ya chuma."

"Itakuwa ya mwindaji mwingine," mama mkwe akasema bila kupepesa macho. "Bata anatembea sana, mwanangu. Pengine alishapigwa mwaka jana akapona."

Jibu lilikuwa zuri, na mtu mwingine angelikubali. Fundi alivaa miwani ya kazi. Akaigeuza punje kwa ncha ya uma, akaiangalia kwa muda mrefu, na polepole uso wake ukabadilika.

"Imebonyea upande huu. Ni alama ya jino, tena jino ninalolijua. Nililichonga mwenyewe, na hiki kijikwaruzo cha pembeni ni kasoro niliyoiona nikaiacha." Akavua miwani. "Ila jino hilo, mama, halimo mdomoni mwako tangu mwaka jana."

Mama mkwe alikitazama kitambaa chake, ambacho kona moja ilikuwa imefungwa fundo na sasa fundo limefunguka. Mwaka mzima alikuwa ameitunza ile punje.

"Mama!" bintiye akasema. "Kwa nini lakini?"

Mama mkwe alimtazama mkwewe.

"Kabla jino halijavunjika, ulikuwa unakuja kwangu lini?"

Fundi akahesabu moyoni. Alikuja siku ya mazishi ya baba mkwe. Alikuja arobaini zilipokwisha, kusaidia kubeba viti. Baada ya hapo alikuwa akituma salamu.

"Nyumba ile ni kimya sana," mama mkwe akasema. "Redio nimeichoka. Jino lilipovunjika nilikasirika kweli, usidhani natania. Halafu ukaja Jumatano. Ukaja na nyingine. Nikaona nikikupa jino, sitakuona tena mpaka nife."

Fundi aliona aibu ambayo hata wateja wake hawakuwahi kumpa. Alikuwa amevuka mlango ule mara hamsini na kitu akitazama pengo, asimtazame mwenye pengo hata mara moja. Macho yakamlowa, akasingizia moshi wa jikoni, ingawa jiko lilizimwa zamani.

Mama mkwe aligeukia ukutani, akavua meno, akayafunga ndani ya kile kitambaa na kuyasukuma mbele ya sahani ya mkwewe.

"Sikuuma punje," akasema kwa mdomo mtupu, maneno yakimtoroka pembeni. "Ahadi ni ahadi."

Jino lilichukua siku moja. Fundi alilinganisha rangi mchana, dirishani, mara nne, na kile kijikwaruzo safari hii akakisugua mpaka kikaisha. Jumatatu meno yalirudi kwa mwenyewe. Jumanne mama mkwe alionekana kwa muuza vitunguu akitabasamu, na alipoulizwa pengo limekwenda wapi, alieleza kwa kirefu jinsi alivyotaka kumdanganya mkwe wake kwa punje kuukuu na jinsi alivyonaswa na sumaku. Wanasema hadithi hii aliieleza vizuri kuliko ile ya kwanza. Alhamisi ya wiki ile mwalimu mstaafu alirudi kukaa kwenye kiti.

Lakini kabla ya hiyo Alhamisi kulikuwa na Jumatano. Mchana Fundi alifunga chumba chake, akachukua mkoba, akaenda kubisha. Mlango ulifunguliwa upesi kuliko kawaida.

"Umefuata nini?" mama mkwe akauliza, meno yote yakiwa mahali pake. "Jino si zima?"

"Nimekuja kulikagua."

"Utalikagua mpaka lini?"

"Meno ya bandia, mama, hayaaminiki. Yanataka kuangaliwa kila wiki."

Mama mkwe alimtazama juu mpaka chini, akasogea pembeni apite. Mezani vikombe viwili vilikuwa vimeshawekwa, na chai imekwisha kumiminwa.